Saa Tisa Kasoro Risasi

Mkalimani alipata wazo lake bora la mwaka akiwa amelazwa kwenye kiti cha daktari wa meno, kinywa wazi, pamba mbili shavuni, na jino la mwisho la upande wa kushoto likisubiri hukumu.

Kwa mtu aliyekula na kuvaa kwa kutegemea mdomo wake, nusu saa bila kusema ilikuwa msiba. Lakini kwa kuwa hakuweza kusema, ilibidi asikilize, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Na daktari alikuwa msemaji. Daktari wa meno ana bahati hiyo, wageni wake wote hukubaliana naye.

"Unaliona bango hilo?" daktari aliuliza huku akichokonoa. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamume mwenye kofia, ananing'inia nyuma ya lori, bastola mkononi. "Filamu ya majambazi, ya zamani sana. Ilitengenezwa kwa wiki mbili. Jambazi mkuu alikuwa muuza matairi, hakuwa mwigizaji. Ikaonyeshwa mji mmoja, siku moja, basi. Zimebaki nakala mbili tu, na moja haina mwisho. Hiyo isiyo na mwisho ninayo mimi."

"Aaah," alisema Mkalimani, kwa sababu ndiyo herufi pekee aliyoachiwa.

"Tamu ajabu. Sijui nani alimuua nani, na ndiyo raha yake."

Akaendelea kueleza kwamba kuna chama. Wanachama watatu: yeye mwenyewe, hakimu mmoja mstaafu, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye mji mzima unamwita Mzee Misumari. Kila Jumamosi mchana hufunga mapazia sebuleni kwa daktari na kutazama filamu za zamani za majambazi ambazo hakuna mtu mwingine anayezijua.

Nami sitawacheka kwa kuzipenda, maana nazipenda pia. Filamu zile gari likianguka bondeni, limeanguka kweli, na unaona kabisa kwamba mwenye gari hakuulizwa. Askari anauawa mwanzoni, kisha anarudi katikati na masharubu, anauawa tena. Jambazi suruali yake inapasuka akiruka ukuta, na kwa kuwa hapakuwa na suruali ya pili, anamaliza filamu nzima akiwa ameshika nyuma. Ukitazama unajua watu hawa walikuwa na haraka, hawakuwa na kitu, na walifurahi. Hiyo ni raha halali. Kilichoniudhi kwa wale mabwana watatu ni kwamba hawakupenda filamu hata kidogo. Walichokipenda ni kwamba wewe hujaiona.

"Sheria yetu ni moja," daktari alisema, akipapasa koleo kwenye sinia. "Filamu ikishaonwa na umma, kwetu imekufa. Juzi juzi Mzee Misumari alituletea moja, benki zinavunjwa, pikipiki zinaruka mto, tukaipenda mno. Halafu kinyozi wangu akaniambia aliiona utotoni na aliipenda. Tuliitoa kabatini siku ileile."

Jino likatoka. Mkalimani hakuhisi kitu. Alikuwa anawaza kwamba mtu anayetafuta kitu kisichojulikana na yeyote anaweza kuuziwa hata kitu ambacho hakipo, na kitu ambacho hakipo hakina gharama ya kukihifadhi. Alisukutua, akainama kwenye beseni, akatema. Alipoinua kichwa macho yalikutana na saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika nane.

"Daktari," alisema kwa mdomo uliovimba, "*Saa Tisa Kasoro Risasi* mnayo?"

Daktari alisimama na koleo hewani. Ukimya ule ulikuwa mfupi, lakini ndani yake mtu mzima mwenye shahada mbili alichagua kati ya kusema ukweli na kuonekana mjuzi.

"*Saa Tisa Kasoro Risasi*," alirudia taratibu. "Niliwahi kuisikia."

"Kwa nani?"

"Kwa watu. Watu wachache sana."

Mkalimani alijua hapo kwamba samaki kameza ndoano, na fimbo, na kamba, na anaomba mvuvi naye.

Sasa, jina lake halikutoka hewani. Enzi za mabanda ya video, kabla kila mtu hajawa na sinema yake mfukoni, yeye ndiye aliyekuwa akisimama kando ya skrini na kipaza sauti, akiwatafsiria watazamaji filamu za kigeni. Alitafsiri kutoka lugha kumi na moja. Hakujua hata moja. Aliona midomo inachezacheza, akaijaza maneno. Watu walilia, walizomea, walirudi kesho yake na wake zao. Na kwa kuwa alikuwa mvivu kama wengi wenye vipaji, alikuwa na maneno matatu aliyoyapenda, na kila filamu, iwe ya mapanga au ya mapenzi, ilikuwa lazima iyapate. Bosi akiingia: "Kaeni. Aliyesimama hapa ni mimi na kifo." Wawili wakitazamana: "Mama yako alikuzaa mara moja, mimi nitakuua mara mbili." Na mtu akiitazama kamera: "Usiniangalie hivyo, mimi nilishazikwa."

Kwa miaka ishirini, mtu mmoja tu alijua siri hiyo, naye alikaa mlangoni akikata tiketi. Huyo ndiye Mama Tiketi, na ndiye aliyekuwa na kitu Mkalimani alichokihitaji.

Alimkuta chumbani kwake, anapiga pasi mashati ya watu. Ndiyo kazi aliyoihamia. Chini ya meza ya pasi palikuwa na makopo ya bati ya utepe wa filamu, ya duara, mapana kama sinia, na projekta ndogo imefunikwa taulo. Sinema ya mjini, alikoanza kazi kabla ya banda la video, ilipofungwa, meneja alimpa vitu hivyo mkono wa kwaheri.

"Shikamoo, Mama Tiketi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Hata kiti hujanipa."

"Ukikaa utasema mengi. Sema ukiwa umesimama."

Mkalimani akasema. Alitaka makopo yale matatu ya filamu ya kuzima moto, iliyopigwa zamani katika kiwanda cha magunia kufundishia wafanyakazi. Akaapa kwamba kuna wanafunzi wa zimamoto, vijana wazuri wenye adabu, wanaotaka kuona wazee wao walivyofanya kazi kabla ya mitambo ya kisasa.

Mama Tiketi akasimamisha pasi wima. "Unajua nani yumo mle."

"Najua, mama."

"Kopo la tatu. Mwenye ndoo ya mchanga."

"Mumeo. Mungu amrehemu."

"Nina picha yake nyingine moja tu, ya kitambulisho, na mle ana sura ya mtu aliyeibiwa. Kwenye kopo anakimbia. Anacheka. Namwasha mara moja kwa mwaka, utepe usichakae." Alimtazama. "Umewahi kuazima nini kwangu ukarudisha?"

Mkalimani alifikiri kwa uaminifu. "Mwamvuli."

"Ulirudisha mpini."

Hata hivyo alimpa. Msimlaumu. Alijua kabisa anaongea na nani, lakini alikuwa ameambiwa kwamba vijana wa zimamoto watakaa kwa mstari, watamtazama mtunza stoo wa kiwanda cha magunia, na watajifunza kwake kitu. Mume wake hakuwahi kumfundisha mtu chochote maishani zaidi ya kufunga fundo. Maneno yale yalimwingia, na alifuta makopo vumbi kwa kitambaa safi kabla ya kuyatoa.

"Jumatatu nayarudisha," alisema Mkalimani.

"Jumatatu," alisema Mama Tiketi.

Jumamosi ile, sebuleni kwa daktari, mapazia yalifungwa na projekta ya chama ikaanza kunguruma. Mkalimani alisimama kando ya ukuta. Alieleza kwa huzuni kwamba sauti ya filamu ilipotea zamani, ila yeye aliwahi kuisikia ujanani na bado anaikumbuka neno kwa neno.

Picha ya kwanza: wafanyakazi sita wanaingia ghalani.

"Genge," alisema Mkalimani. "Wametoka jela asubuhi hii."

Akaingia mtu mwenye karatasi na kalamu, msimamizi wa mafunzo, akaanza kuhesabu vichwa.

"Kaeni," aliunguruma Mkalimani. "Aliyesimama hapa ni mimi na kifo."

Hakimu mstaafu akasogea mbele ya kiti.

Moshi ukatokea kwenye lundo la magunia, na kwa mdomo wa Mkalimani wakawa wanavunja hazina. Wawili wakabishana nani ashike mpira wa maji. Mmoja akaahidiwa kuuawa mara mbili. Kisha, katika kopo la tatu, akatokea mtu mwembamba mwenye ndoo, anakimbia, mchanga unamwagika nyuma yake.

"Huyu ndiye msaliti," alisema Mkalimani bila hata kumeza mate. "Bastola ameifukia ndani ya ndoo. Mchanga anaumwaga makusudi, alama kwa polisi."

Na kwa sababu ilikuwa filamu ya mafunzo, ndoo ile ililetwa mara tatu, ili wafanyakazi waelewe. Hapa mtu wa kawaida angeshikwa. Mkalimani alishusha sauti.

"Mara ya kwanza ndivyo ilivyotokea. Ya pili ndivyo alivyoota. Ya tatu ndivyo polisi walivyoandika."

"Loo," alisema hakimu kwa sauti ndogo. Miaka thelathini mahakamani, hakuwahi kuelezwa kazi yake vizuri namna ile.

Mwisho mtu wa ndoo alisimama, akaitazama kamera, akacheka na kusema kitu.

"Usiniangalie hivyo," alisema Mkalimani, "mimi nilishazikwa."

Taa zilipowashwa kila mmoja aliharakisha kuijua. Hakimu alikumbuka kwamba aliwahi kuona kipande chake akiwa masomoni, tena kipande cha mwisho. Mzee Misumari aliuliza kama mtengenezaji wake hakufa maskini. Alikufa maskini, alithibitisha Mkalimani. Kwa njaa? Kwa njaa na kifua. Mzee Misumari akatikisa kichwa kwa furaha kubwa.

"Tunaichukua," alisema daktari, akampa bahasha nyembamba ya kutangulia. Ile nene angeipata Jumamosi ijayo, siku ya kukabidhi. "Na nina wazo. Tusiiweke kabatini. Tuikate. Kila mwanachama apate vipande vyake, tuvitie fremu zenye taa nyuma. Mimi namtaka msaliti. Atakaa kule kazini kwangu, juu ya beseni la kutemea."

"Wazo zuri," alisema Mkalimani. Niandike ukweli wote: lilimchoma kidogo, mahali fulani chini ya mbavu. Halafu akaipapasa bahasha, likapoa.

Jumatatu Mama Tiketi alikuja mwenyewe chumbani kwa Mkalimani. Yeye alikuwa amekaa kitandani anakula machungwa.

"Yanaoshwa," alisema. "Utepe wa zamani unashika ukungu, mama. Vijana wa zimamoto wameupeleka maabara."

"Maabara gani?"

"Kubwa."

Mama Tiketi alimtazama kwa muda unaotosha kupiga pasi kola moja. Hakugomba. Juu ya meza, kando ya maganda ya machungwa, palikuwa na bahasha tupu yenye muhuri wa jino linalotabasamu na anwani chini yake. Aliisoma, akaaga, akaenda.

Jumatano alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Jino lilikuwa linamsumbua kweli tangu mwaka jana, kwa hiyo hakupoteza safari. Daktari alimjaza pamba, akaanza. Ndani ya dakika tano Mama Tiketi alikuwa amesikia yote: chama, sheria yake, *Saa Tisa Kasoro Risasi*, mtengenezaji aliyekufa kwa njaa na kifua.

"Na kuna msaliti mmoja mwenye ndoo," alisema daktari, koleo limeshika jino. "Uso wa kihaini kabisa, utamchukia ukimwona. Jumamosi tunamkata, namtundika pale. Fremu nimeshapima."

"Aaah," alisema Mama Tiketi, na machozi yakamtoka pande zote mbili.

"Pole, mama. Nitaongeza ganzi."

Utaniuliza kwa nini hakusema ukweli hapo hapo. Mama Tiketi alikuwa ameuza tiketi muda wa kutosha kujua kwamba mtu aliyekwisha kulipa hapendi kuambiwa alichonunua. Angesema ni filamu ya kuzima moto, wangemwita mwongo, au wangefurahi zaidi kwamba ni adimu kuliko walivyodhani. Mkasi ungepita vilevile. Kwa hiyo alisukutua, akatema, akauliza kwa upole:

"Na filamu ikiwa watu walishaiona?"

"Haina thamani hata ya kopo lake," alisema daktari.

"Mimi nilikuwa nakata tiketi sinema ya mjini, zamani."

Daktari akavua barakoa. "Sinema ile iliyofungwa? Mama, njoo Jumamosi. Uwe shahidi wetu wa historia."

Jumamosi ikafika. Mezani palikuwa na makopo matatu, na juu yake mkasi mpya ambao Mzee Misumari aliutoa dukani kwake kama mchango. Mkalimani aliingia anapiga mluzi. Mluzi ukakatika. Kwenye kiti cha nyuma, amevaa gauni lake la harusi za watu, kopo la nne limetulia mapajani, alikaa Mama Tiketi.

"Mnajuana?" aliuliza daktari.

"Sura si ngeni," alisema Mama Tiketi.

Walikubaliana kuitazama mara moja ya mwisho kabla ya kukata. Projekta ikanguruma. Mkalimani alianza kwa sauti iliyokauka kidogo. Genge, jela, asubuhi hii. Akaingia mwenye karatasi na kalamu. Mkalimani akafungua mdomo.

"Kaeni," ilisema sauti ya nyuma. "Aliyesimama hapa ni mimi na kifo."

Hakimu aligeuka. "Umejuaje, mama?"

"Samahani, mheshimiwa. Imenitoka. Nilikuwa naipenda sana sehemu hii."

Mkalimani aliendelea. Wale wawili wenye mpira wa maji wakatazamana, naye akaharakisha ili amtangulie, lakini Mama Tiketi alikuwa ameshafika.

"Mama yako alikuzaa mara moja," alisema kwa raha, kama mtu anayeimba wimbo wa utotoni, "mimi nitakuua mara mbili. Hapa watu walikuwa wanasimama juu ya viti. Ilibidi niingie niwakemee."

"Watu gani?" aliuliza daktari.

"Watu, daktari. Wapasua kuni, wauza mboga, shule nzima za msingi. Tuliionyesha wiki tano. Waliosimama mlangoni siwahesabu."

Mzee Misumari aliwasha taa mwenyewe. "Wiki tano?"

"Na tukairudisha sikukuu, kwa maombi. Mafundi wako wa matofali wote waliiona, muulize yeyote mwenye mvi. Mpaka leo wakigombana ndivyo wanavyotukanana."

Mzee Misumari alikaa taratibu. Alikuwa amewasikia, kwa masikio yake, mafundi wakiahidiana kuuana mara mbili kwenye uwanja wa kokoto. Maneno ya Mkalimani yalikuwa yameshatoka kwenye banda la video miaka mingi iliyopita na kuhamia mjini.

"Mama anachanganya," alisema Mkalimani. "Maneno yale..."

"Maneno yale vipi?" aliuliza hakimu.

Mkalimani aliitazama njia aliyokuwa anaelekea, akaona inaishia ukutani. Maneno yale ni yangu, niliyabuni, huyu aliyasikia kwangu. Angelisema hilo, angekuwa amekiri yote mbele ya hakimu, hata kama mstaafu. Alifunga mdomo. Ilikuwa mara ya pili mwezi ule.

"Ondoa makopo haya sebuleni kwangu," alisema daktari, akiyatazama kama yana kunguni. Yule msaliti aliyempimia fremu hakumtaka tena. "Na bahasha yetu uirudishe leo."

"Leo," aliongeza hakimu. "Mkuu wa polisi ni shemeji yangu."

Pesa za bahasha zilikuwa zimebaki nusu. Mkalimani alikuwa bado anatafuta uongo wa kuziba pengo hilo, Mama Tiketi alipogonga kopo la nne kwa ukucha.

"Mimi nilidhani mngependa hii," alisema kwa unyonge. "Lakini hii haikuwa na bahati. Tuliiwasha mara moja. Hakuna mtu aliyeona kitu cha kumfurahisha. Tangu hapo haijafunguliwa."

Pumzi tatu za wanachama zilikatika kwa pamoja.

"Haijaonwa na mtu?" aliuliza daktari.

"Hakuna anayeweza kukuambia ameona kitu humu. Hata mimi."

Alinyanyuka, akaomba maji, akaenda jikoni na kopo lake kwapani. Mkalimani alimfuata mbio, amekumbatia makopo matatu. Kichwa chake kilikuwa kimeshapiga mahesabu. Wale watatu wangenunua kopo lile kwa bahasha nene, na huyu mama hakujua kuuza. Alijua tiketi tu.

"Nipe hilo, nikupe haya," alinong'ona. "Si ndiyo uliyoyataka?"

"Na ile bahasha."

"Imebaki nusu, mama."

"Basi nusu."

Akatoa. Mama Tiketi aliipokea, lakini kopo hakuliachia.

"Yule mwenye ndoo ni nani?"

"Mama, watatusikia."

"Ni nani?"

"Mumeo."

"Kazi yake?"

"Mtunza stoo."

"Alimsaliti nani?"

Mkalimani alitazama sakafu. Hapo, na nafikiri ni hapo tu katika hadithi hii, aliona aibu ya kweli. "Hakumsaliti mtu," alisema.

"Sawa," alisema Mama Tiketi, akampa kopo. Mkalimani alifungua kifuniko kidogo, akaona utepe umejikunja vizuri, mnene, mzito, akafunga. Miaka ishirini alitafsiri filamu bila kuzijua; hakuona sababu ya kuanza kuijua hii. Mama Tiketi alipita mlango wa nyuma na makopo yake matatu. Hakungoja maji.

Sebuleni mapazia yalifungwa upya. "Mabwana," alisema Mkalimani, sauti imerudi, kifua mbele. "Nimemsihi mpaka amekubali. Nitaitafsiri mimi mwenyewe, maana kwa bahati naijua."

Projekta ikanguruma. Ukuta ukawa mweupe.

Wakangoja. Ukuta ukabaki mweupe. Mzunguko wa kwanza ukapita, wa pili, wa kumi. Kila filamu huwa na kipande kitupu mwanzoni, kile fundi anachokipitisha kwenye mashine kabla ya picha kuanza. Mafundi wa sinema hukata vipande hivyo na kuviunga pamoja, wavitumie tena. Kopo la nne lilikuwa limejaa hivyo, mwanzo baada ya mwanzo, hakuna filamu hata moja iliyoanza. Kuhusu kopo hilo Mama Tiketi hakusema uongo. Hakuna aliyewahi kuona kitu mle.

Watu watatu walimgeukia Mkalimani. Mmoja wao alikuwa na shemeji.

"Ukungu," alisema Mkalimani.

Wakageuka tena kuutazama ukuta.

"Mji umejaa ukungu," aliendelea, akishika ukuta. "Ndani ya ukungu yuko mtu. Hamumwoni. Hata polisi hawamwoni, ndiyo maana hajakamatwa."

Hakimu aliinama mbele. "Ukungu huu unaisha lini?"

"Hauishi, mheshimiwa."

"Filamu nzima?"

"Nzima."

"Ujasiri ulioje," alinong'ona hakimu, na daktari akatoa daftari.

Aliongea saa mbili bila kunywa maji. Alipomaliza, walisimama, wakampigia makofi, kisha hakimu akatoa uamuzi, taratibu, kama zamani. Filamu itabaki kabatini, kwa sababu ndiyo adimu kuliko zote. Haikuonwa na haiwezi kuonwa. Lakini bila mkalimani haina maana, kwa hiyo atakuja kila Jumamosi kuitafsiri mpaka daktari aiandike yote. Bahasha nene ataipata siku tafsiri itakapokamilika. Na ile nyembamba itahesabiwa kuwa imeibiwa siku atakayokosa kuja.

"Jambo moja," aliongeza hakimu. "Yale maneno ya kifo na kuzikwa na kuua mara mbili, usiyatumie. Mji mzima unayajua."

Basi ndivyo anavyoishi. Kila Jumamosi anasimama mbele ya ukuta mweupe na kuwaona watu ambao hawapo, na kila Jumamosi daktari anamsimamisha, kidole kwenye daftari: "Samahani, wiki iliyopita kovu lilikuwa shavu la kulia." Anaomba radhi, anahamisha kovu. Tafsiri ya filamu imefika mwezi wa saba. Usiku anasoma alichosema mchana asije akajichanganya. Kwa mara ya kwanza maishani ana kazi ya kudumu.

Jumamosi ile ya kwanza, wakati yeye anaanza kuuona ukungu, Mama Tiketi alikuwa ametundika shuka iliyopigwa pasi kwenye ukuta wa chumba chake na kufunga dirisha. Haikuwa siku ya mwaka ya kumwasha, lakini aliona ameudhiwa kiasi cha kustahili ziada. Aliweka kopo la tatu.

Mume wake alitokea na ndoo, akakimbia, mchanga unamwagika nyuma. Alirudishwa, akakimbia tena. Mara ya tatu alifika kwenye moto na ndoo iliyobaki na kiganja kimoja cha mchanga, akasimama, akaitazama kamera, akacheka. Jioni ya siku ile, zamani, alikuja nyumbani akamwambia mkewe alichosema pale, na walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Jamani, ndoo imetoboka," Mama Tiketi alisema pamoja naye, akaurudisha utepe mwanzo.